Kambi za karate likizoni: Kinachomshawishi mzazi si teke

Mwishoni mwa Mei, shule zinapokaribia kufungwa, matangazo ya kambi za likizo huanza kumiminika kwenye simu za wazazi wa Dar es Salaam. Kuna kambi za kuogelea, za kompyuta, za Kiingereza, za kuhifadhi Kurani, za mafunzo ya Biblia, na twisheni zisizo na idadi. Katikati yake limo tangazo la klabu ya karate au taekwondo, nalo unalitambua kabla hujasoma neno: kijana ameruka hewani mguu umenyooka, nyuma yake umechorwa moto, chini kuna namba ya simu. Saa ya kuanza haipo, ya kumaliza haipo. Jina la mwalimu halipo. Umri wa watoto wanaopokelewa haukutajwa.

Picha hiyo inamsisimua mtoto. Anayelipa ni mama yake, na mama hatafuti mwanawe ajue kuruka. Anataka kujua atamwacha na nani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, atakula nini, na akianguka nani atampigia simu. Klabu nyingi zenye walimu wazuri zinapoteza wanafunzi kila likizo kwa sababu hazijajibu maswali hayo manne, huku zikitumia fedha kuchapisha mabango ya kishujaa.

Tulioko mijini tunaijua hali yenyewe. Zamani shule ikifungwa mtoto alipandishwa basi kwenda kwa bibi, akarudi Julai amenenepa na kujifunza kuchunga mbuzi. Familia nyingi bado zinafanya hivyo, na ni jambo jema. Lakini wapo ambao bibi naye anaishi mjini, au hayupo tena, au nauli ya watoto watatu kwenda Bukoba na kurudi haipatikani. Mtoto anabaki na dada wa kazi ambaye ana kufua, kupika na mdogo wa kubeba mgongoni, na anayemlea hasa ni televisheni na simu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 za kutoka jasho kila siku. Kwenye nyumba ya kupanga isiyo na uani, dakika hizo zipatikane wapi?

Marekani, ambako likizo ya kiangazi huchukua kama wiki 10, wenye klabu waliling'amua hitaji hili mapema. Kambi zao nyingi hufunguliwa asubuhi wazazi wanapokwenda kazini na kufungwa jioni wanapotoka. Mazoezi yenyewe huchukua sehemu tu ya siku, na saa zilizobaki ni za michezo mingine, chakula, kusoma na matembezi. Hata sheria ya kodi ya huko inaihesabu kambi ya kutwa kuwa ni malezi: mzazi aliye kazini anaweza kuombea nafuu ya kodi gharama zake, hata kama kambi ni ya mchezo mmoja tu. Kambi ya kulala haimo katika nafuu hiyo.

Tofauti hiyo ya kutwa na kulala ina uzito hapa kwetu pia. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu wa Tanzania alitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa madarasa ya awali hadi darasa la nne, na mjadala uliofuata ulionyesha jinsi wazazi wengi wanavyoogopa kumlaza mtoto mdogo mbali na macho yao. Mwalimu anayeanzisha kambi ya karate na kutangaza siku saba za kulala, kwa watoto wa miaka sita, anajiongezea mlima wa kupanda. Aanze na kutwa. Afungue saa moja na nusu asubuhi, afunge saa kumi na moja na nusu jioni, na aandike saa hizo kwa herufi kubwa kuliko jina la klabu.

Wapo walimu wa karate wanaohisi kwamba kuongea na wazazi namna hii ni kuishusha sanaa yao, kana kwamba dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, limegeuzwa kituo cha kulelea watoto. Nawaheshimu, lakini historia haiko upande wao. Karate tunayoifahamu leo ilienea kwa kupitia mlango wa shule. Mwalimu Anko Itosu wa kisiwa cha Okinawa, Japani, aliipeleka katika shule za kisiwa hicho mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1908 aliandika barua yenye hoja kumi kuwaeleza wakubwa wa elimu faida za karate kwa wanafunzi, na hoja zake zilihusu afya, nguvu za mwili na malezi ya vijana. Kata, yaani mfululizo wa miondoko ya mazoezi, zilizokuwa ndefu na ngumu hazikuwafaa watoto, kwa hiyo alitunga kata tano fupi za Pinan, ambazo hadi leo wanafunzi wa mitindo mingi huanza nazo. Gichin Funakoshi, aliyeifikisha karate Tokyo mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, aliongoza chuo cha kufundishia walimu. Hawa walikuwa watu wa chaki na ubao. Walijua kuzungumza na mzazi.

Hata Dar es Salaam, dojo lililozaa walimu wengi wa mtindo wa karate wa Goju-ryu lilianza miaka ya 1970 katika Shule ya Zanaki, Upanga, chini ya Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyekuja kuishi na kufundisha nchini. Zanzibar nayo inaijua judo kwa kazi kubwa ya Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyewafundisha vijana wa visiwani kwa miaka mingi. Majina hayo yalikaa kwa sababu mitaa iliwaamini walimu wale.

Tatizo ni kwamba picha iliyo kichwani mwa wazazi wengi haikutoka dojo. Ilitoka kwenye mabanda ya video, kwa Bruce Lee na Jackie Chan wakitafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja juu ya kelele za jenereta. Ndiyo maana baba mmoja anaweza kumpeleka mwanawe ili awe mwanamume, na baba wa nyumba ya pili akakataa kabisa kwa kuogopa kulea mkorofi atakayewapiga wenzake darasani. Hofu ya baba wa pili haina budi kujibiwa kwa hoja.

Na hoja ipo. Mwaka 1986 mtafiti Michael Trulson wa Marekani alichapisha matokeo ya kuwafundisha vijana 34 wa miaka 13 hadi 17 waliokuwa na mwelekeo wa uhalifu. Kundi la kwanza lilifundishwa taekwondo ya jadi, pamoja na utulivu, heshima na maadili yake. La pili lilifundishwa mateke na kupigana tu. La tatu lilikimbia na kucheza mpira wa kikapu. Baada ya miezi sita kundi la kwanza lilikuwa limepungua ukali, na la pili lilikuwa limezidi. Vijana 34 ni wachache, na mtu asijenge sera ya nchi juu yao, ila funzo lake kwa mwenye kambi liko wazi: kusema kwamba karate inafundisha nidhamu hakutoshi. Mzazi aelezwe ni nini hasa kinafanyika ndani ya saa moja ya somo. Kuna salamu? Kuna kukaa kimya? Mtoto akimpiga mwenzake kwa hasira, mwalimu anafanya nini? Jibu la swali hilo la mwisho, likiandikwa kwa sentensi mbili kwenye kipeperushi, litamtuliza baba wa pili kuliko picha kumi za vikombe.

Utafiti mwingine, wa Kimberley Lakes na William Hoyt, ulichapishwa mwaka 2004. Watoto 207 wa shule moja, kuanzia chekechea hadi darasa la tano, waligawanywa: wengine walisoma taekwondo kwa miezi mitatu, wengine wakaendelea na kipindi cha kawaida cha michezo. Wale wa taekwondo walisonga mbele zaidi katika kujitawala na mwenendo wa darasani, na hata katika jaribio la hesabu za kichwa. Nalitaja hili la hesabu kwa makusudi, kwa sababu mshindani mkubwa wa kambi ya karate mijini ni twisheni. Mzazi mwenye fedha ya jambo moja atachagua hesabu. Mwalimu mwenye busara hashindani na hesabu. Anatenga saa moja na nusu ya mchana, jua linapochoma na mazoezi hayafai, watoto wafanye kazi za likizo walizopewa shuleni chini ya mtu anayeweza kuwasaidia. Akiweka ratiba hiyo kwenye tangazo, mzazi hatalazimika kuchagua.

Kuna aina moja ya tangazo ambayo ningependa iachwe kabisa. Ni ile inayouza hofu: kivuli cha mtu mzima kimemshika mtoto mkono, na swali linauliza kama mwanao ataweza kujiokoa. Linauza, bila shaka, kwa kuwa hakuna mzazi asiyetetemeka akilisoma. Lakini ni uongo wa hatari. Mtoto wa miaka tisa, hata akiwa na mkanda wa rangi yoyote, hamshindi mtu mzima kwa nguvu. Na ule utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba wengi wa waliowatendea walikuwa watu wanaowajua: jirani, ndugu, mtu wa karibu. Mtoto hapigi teke mbele ya mjomba wake. Anachohitaji ni kujua kwamba mwili wake ni wake, kwamba anaruhusiwa kusema hapana kwa sauti, kukimbia, na kumweleza mtu mzima anayemwamini hata kama ameonywa asiseme. Kambi inayofundisha hayo kwa lugha ya watoto, na ikabandika ukutani namba 116 ya simu ya bure ya msaada kwa mtoto, inafanya kazi ya kweli ya kujihami, na mzazi aambiwe hivyo bila kutishwa.

Takwimu hizo zinamgusa mwalimu mwenyewe pia. Yeye ni mtu anayejulikana na mtoto. Anamshika kiuno kumrekebisha msimamo, anaheshimiwa hadi kuogopwa, anainamiwa. Ni mamlaka makubwa mno kuachiwa mtu mmoja ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa hiyo mwalimu mwadilifu anapotangaza kambi yake aeleze wazi mambo ambayo wengine huyakwepa: kwamba hakuna mwalimu anayebaki peke yake na mtoto, kwamba kuna mwalimu mwanamke, kwamba vyumba vya kubadilishia nguo vya wasichana na wavulana ni mbalimbali, kwamba mzazi anaweza kuingia saa yoyote na kukaa kwenye benchi. Baadhi ya walimu hukataza wazazi kutazama mazoezi, wakidai watoto hupoteza umakini. Siku ya kwanza ni kweli. Siku ya tatu mtoto ameshamsahau mama yake aliyeko kwenye benchi. Mlango wazi ndio bidhaa ya thamani kuliko zote katika kambi ya watoto, nao haugharimu hata shilingi.

Idadi ya walimu nayo iandikwe. Chama cha kambi cha Marekani, American Camp Association, kinazitaka kambi za kutwa ziwe na msimamizi mmoja kwa watoto wanane wenye umri wa miaka 6 hadi 8, na mmoja kwa watoto kumi wenye miaka 9 hadi 14. Sisi hatulazimiki na kipimo chao, lakini mzazi akisoma kwamba watoto 40 wana walimu wanne na msaidizi, anajua mwenye kambi amekaa akafikiri. Vivyo hivyo kuhusu kuumia. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, walipendekeza watoto waanze na aina za mazoezi zisizo na kupigana, na wakaonya kwamba kofia za kinga si dhamana dhidi ya mtikisiko wa ubongo. Kambi ya wiki mbili kwa wanaoanza haina sababu yoyote ya kuruhusu mapigo ya kichwani. Mama akiuliza, "Mwalimu, mwanangu ana pumu, ataweza?" jibu lisiwe "Usijali, mama." Liwe: tuandikie dawa yake, aje nayo, mwalimu fulani ataishika, na akichoka atapumzika bila kuchekwa.

Pwani, kuanzia Mombasa hadi Tanga na Unguja, lipo swali jingine ambalo tangazo la moto na mateke halijawahi kulijibu: binti yangu atavaa nini? Jibu ni rahisi na la kutia moyo. Gi ni vazi pana linalositiri, na Shirikisho la Karate la Dunia limeruhusu hijabu mashindanoni tangu mwaka 2013. Katika taekwondo, Hedaya Malak wa Misri alipanda jukwaani kupokea shaba ya Olimpiki Rio 2016 akiwa amevaa hijabu, akarudia Tokyo. Kenya nayo ilimpeleka Faith Ogallo Tokyo kwa mchezo huohuo. Picha ya binti mwenye hijabu akisimama imara kwenye msimamo wa kwanza ingewafikia wazazi ambao hakuna klabu iliyowahi kuzungumza nao.

Ila picha hiyo iombewe ruhusa. Hapa wenye klabu wengi wanateleza, kwa sababu wamezoea kurusha mtandaoni kila sura ya mtoto aliyepata medali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na picha ya mtoto ni taarifa binafsi. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Fomu ya kujiunga iwe na kisanduku cha ndiyo na cha hapana, na atakayeweka alama kwenye hapana mtoto wake asitengwe siku ya kupiga picha kwa namna ya kumfedhehesha.

Kuhusu medali zenyewe, na mikanda. Kuahidi mkanda mpya mwishoni mwa wiki mbili kunavuta wateja mwaka wa kwanza na kunaiua klabu mwaka wa tatu, mzazi anapoona mtoto ana mikanda mitatu na bado hawezi kufunga mmoja. Na ahadi ya ubingwa kwa watoto wadogo imewachosha hata wenye mchezo. Mwaka 2022 Shirikisho la Judo la Japani lilifuta mashindano ya kitaifa ya wanafunzi wa shule za msingi, kwa kuwa makocha na wazazi walizidisha tamaa ya ushindi, hata watoto wengine wakalazimishwa kupunguza uzito. Nchi iliyoizaa judo imeona bora mtoto acheze bila taji la taifa. Kambi ya likizo ya Mbezi haina haja ya kumwahidi mtu bingwa.

Walimu wetu hupenda kusema chema chajiuza. Sikubali, si kwa zama hizi. Chema kilichokaa kimya kwenye ukumbi wa shule huko Temeke hakijulikani, na anayejulikana ni mwenye spika kubwa. Soko la kambi halipo kwenye nguzo za umeme. Lipo kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wa darasa, ambako mama mmoja huuliza usiku, "Jamani, likizo hii watoto mnawapeleka wapi?" na mama mwingine hujibu kwa sentensi moja inayomaliza biashara. Mwalimu hawezi kuinunua sentensi hiyo, lakini anaweza kuistahili: awaalike wazazi na watoto Jumamosi moja kabla ya likizo, bure, wajaribu somo la dakika 40. Apokee malipo kwa awamu kwa simu, kwa kuwa mwisho wa mwezi haulingani kwa wote. Apunguze ada kwa mtoto wa pili wa nyumba moja. Aoneshe cheti cha usajili wa klabu, kwa Msajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa kwa Tanzania, au kwa Msajili wa Michezo kwa Kenya. Na kila jioni amweleze mzazi jambo moja ambalo mtoto amelifanya siku hiyo, kwa jina la mtoto.

Na wewe mzazi unayesoma haya huku kipeperushi kikiwa mezani, usilipe kwa simu tu ukamaliza. Nenda kwenye dojo siku ya kawaida ya mazoezi, bila taarifa. Mwangalie mwalimu anavyozungumza na mtoto aliyekosea. Uliza nani mwingine atakuwepo, uliza kuhusu choo, uliza nani ana ufunguo. Ukikaribishwa benchi, kaa hadi mwisho wa somo kisha uamue. Ukizuiwa mlangoni, mshike mwanao mkono mrudi nyumbani, hata kama ukutani kuna vikombe ishirini.